Kitabu Walichokisoma Wote

Nimeishi na wanazuoni tangu nikitambaa, na nasema bila kumung'unya maneno: hakuna watu waoga kama wao. Simba watakutana naye njia ya Saadani na watapita. Lakini kusema "sijui" mbele ya mwenzao, ah, bora wazikwe.

Baba yangu alikuwa mtunza vitabu pale Bagamoyo, miaka michache kabla Wadachi hawajaja na mizinga yao. Vitabu havikuwa vyake. Vilikuwa vya tajiri mmoja wa pembe za ndovu, ambaye aliugua sana, akapona, akaweka nadhiri kwamba chumba cha chini cha nyumba yake ya mawe, karibu na forodha, kiwe wakfu wa elimu. Si elimu ya dini, hiyo ilikuwa na misikiti yake. Alitaka elimu ya nyota, ya dawa, ya hesabu, ya bahari, ya mimea na mawe. Akaagiza vitabu Misri na Bombay, vikaja masanduku kwa masanduku, kisha akafa. Mwanawe aliyekaa Unguja akaendelea kuagiza, kwa heshima ya marehemu, bila kukanyaga Bagamoyo hata siku moja. Alichotaka ni kwamba kila kitabu kipya kitangazwe kwa wenye elimu wa mji, wasije wakaachwa nyuma na ulimwengu. Mwenye kutangaza alipewa vyumba viwili vya uani akae na watu wake. Hivyo ndivyo tulivyokuwa na mahali pa kulala.

Kutangaza kulifanyika Alhamisi baada ya alasiri, barazani. Wenye elimu walikuwa sita. Watatu kazi yao ilikuwa kuitikia na kunywa kahawa, kwa hiyo hao niwaache wanywe. Waliobaki ndio waliokuwa na midomo. Kulikuwa na Tabibu, mtu wa kilemba kikubwa na vidole laini, aliyetibu mji mzima na kumlaumu kila aliyekufa kwa kutofuata masharti. Kulikuwa na Mnajimu, aliyejua habari za nyota zote ila hakupenda kutoka nje usiku kwa sababu ya umande. Na kulikuwa na Nahodha, mzee aliyestaafu bahari, ambaye kila kitabu alikisema kwa neno moja tu: "Kizuri."

Kanuni ilikuwa hivi. Baba alisimama mlangoni na karatasi, tuliyoiita karatasi ya vipya. Alitaja kitabu, kimetoka wapi na kinahusu nini, halafu akauliza, "Nani hajakisoma?" Asiyekisoma alitakiwa aseme, apewe kitabu aende nacho, na Alhamisi inayofuata aje awaeleze wenzake kilichomo, mlango kwa mlango, yaani sura kwa sura. Marehemu tajiri alidhani kanuni hii itawafanya watu wasome. Maskini, pembe alizijua, binadamu hakuwajua! Mwanzoni kabisa mzee mmoja alisema kweli kwamba hajakisoma. Akabebeshwa kitabu cha hesabu za kivuli cha jua, kinene kama tofali. Alhamisi iliyofuata akawa na homa. Iliyofuata, homa. Ya tatu tukasikia amehamia kwa mwanawe Lugoba, na kitabu alikirudisha kwa mpagazi. Tangu hapo Bagamoyo hapakuwa na kitabu ambacho hakijasomwa. Sanduku lilifunguliwa Jumatano, na Alhamisi wote sita walikuwa wameshakisoma.

"Nimekipitia," husema Mnajimu, akifuta mdomo. "Mwandishi kateleza kidogo kwenye habari za mwezi."

"Cha kwanza chake kilikuwa bora," husema Tabibu.

"Kizuri," Nahodha.

Na mimi niko nyuma ya mlango nachekelea hata mbavu zinauma. Maana vitabu vingi vilikuja kurasa zimeshikana pembeni, na ukitaka kusoma sharti ukate kwa kisu. Kisu chenyewe nilikuwa nacho mimi, kwenye kijaluba changu cha tambuu. Miaka yote ile hakuna mwanaume aliyewahi kuniomba kisu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na ushee, na nimeachika. Mume alinirudisha kwetu kwa sababu, alisema, nina maneno. Ninayo, nimkatalie nini? Baba alinipokea bila kuuliza, akaniambia maneno niliyonayo niyaweke kwenye kazi. Alikuwa amenifundisha kusoma na kuandika nikiwa mdogo, kisha ikaja kuonekana kwamba alinifundisha kwa faida yake mwenyewe, kwa sababu macho yake yalikuwa yanakwenda.

Ulianza utando mweupe jicho la kulia, ukahamia la kushoto. Kwanza alilaumu wino wa Bombay. Kisha akanilaumu mimi kwamba naandika kama kuku anayeparua. Mwisho akaacha kulaumu, na hapo ndipo nilipoogopa. Kipofu hawezi kutunza vitabu, hilo hata mwenye wakfu kule Unguja angelijua. Funguo zingechukuliwa na vyumba vya uani vingechukuliwa pamoja nazo. Kwa hiyo tukanyamaza, mimi na yeye.

Kazi tukaigawa. Sanduku likija, nalifungua mimi, napangusa vitabu, nasoma mlango wa kwanza na orodha, naandika karatasi ya vipya. Namsomea Baba mara mbili, naye ameshika. Kichwa alikuwa nacho, mashaallah! Halafu anachukua kila kitabu mkononi, anakinusa, anapitisha kidole kwenye mgongo wake, anakiweka kwenye rafu yeye mwenyewe. "Cha Misri," husema, "gundi yao inanuka samaki." Hakukosea. Alhamisi anasimama mlangoni na karatasi anaitazama vizuri, kumbe anasoma kichwani.

Siku moja karatasi aliishika juu chini. Nahodha, mtu wa kuona mbali, akasema, "Mwalimu, mbona umeipindua?" Baba hata hakutikisika. Akajibu, "Naianza kutoka mwisho, mwanzo msiusahau." Wakatikisa vilemba kwa kustaajabu. Wiki iliyofuata nilimwona Mnajimu mwenyewe amekaa na karatasi yake kaipindua juu chini, uso umemkunjamana kwa elimu.

Basi ukaja mwezi ambao chombo cha kutoka Unguja hakikuleta sanduku. Alhamisi ya kwanza Baba akatangaza hakuna kipya. Ungedhani kawatukana wazazi wao! Walivyonuna! Vitabu mia kadhaa vimejaa ndani, havijaguswa, kurasa zimefungwa kama midomo ya maharusi, wao wanalia vipya, vipya.

"Wenzetu wa Unguja watatucheka," alisema Mnajimu.

"Elimu hailali," alisema Tabibu, "ila mtunzaji anaweza kulala. Alhamisi ijayo pakiwa hakuna kitu, itabidi nimwandikie mwenye wakfu. Huenda Mwalimu amechoka."

Huyu Tabibu, ambaye kitabu cha mwisho kukifungua kilikuwa msahafu chuoni! Nikakaa na hasira wiki nzima. Sanduku halikuja. Jumatano asubuhi Baba akajimiminia kahawa, ikamwagikia mkononi nje ya kikombe, akauficha mkono ulioungua kwenye kanzu, hakutaka nijue. Nilijua. Nikaenda kuandika karatasi ya vipya, nikatunga kitabu.

Nilikiita *Kuondoa Ukungu katika Jicho*, juzuu mbili, chapa ya Misri, kinaeleza namna ya kumrudishia kuona mtu aliyepata utando. Kwa nini jicho? Ningeweza kutunga cha samaki, au cha mawe. Ulimi ulikwenda mahali panapouma, basi. Baba nilimdanganya kwamba mtu wa msafara ameleta furushi dogo, kitabu kimoja tu, na kwamba nimeshakiweka rafuni.

Nilipomsomea akanigeuzia sikio. "Litaje tena jina," alisema.

Nikalitaja.

"Juzuu mbili?"

"Mbili, Baba."

Akainuka akaingia chumba cha vitabu. Mimi pumbavu nikadhani anashika kichwani.

Alhamisi akalitangaza kwa sauti ambayo sikuizoea. "Nani hajakisoma?" Nikabana sikio mlangoni. Mnajimu akajikohoza: "Hicho kimenipitia mikononi zamani. Juzuu ya pili ni dhaifu." Wale watatu wakaitikia. Nahodha akasema kizuri. Tabibu akaweka kikombe chini, taratibu, akasema, "Mimi nimekisoma na nimekitumia. Nimefumbua macho ya watu kwa kitabu hicho."

Makubwa! Nilijifungia jikoni nikacheka hata nikalia, nikamwambia paka kwamba mwanazuoni wa Bagamoyo ukimpa kitabu cha kufuga majini atakwambia anao wawili bandani. Sijapata kufurahi namna ile tangu niachike.

Jioni Baba akaniita. "Niletee kile kitabu," alisema. "Unisomee kuhusu utando."

Kicheko kilikatika papo hapo. Nikamwambia kurasa zimeshikana, kisu kimekuwa butu. Kesho yake nikamwambia kisu hakijapata mwenye kukinoa. Kesho kutwa nikamwambia maandishi yamekolea wino, hayasomeki. Alinisikiliza tu. Ilikuwa inanipasa kusema wakati ule, na sikusema. Niliona haya. Ningemwambiaje kwamba nimeyafanyia mzaha macho yake mwenyewe? Siku ya nne akaniambia kwamba hana haja ya kunisumbua, amekwenda mwenyewe kwa Tabibu, amemfungulia siri, na Tabibu amekubali kumtibu kama ilivyo katika kitabu. Kwa sindano ya shaba. Barazani, Alhamisi, mbele ya wote, wapate kuona elimu mpya inavyofanya kazi.

"Baba, usikubali," nilisema.

"Kwa nini? Kitabu kipo, aliyekisoma yupo."

Usiulize nililalaje siku zile. Kila nikifungua mdomo namwona amekaa anafuta miwani yake ya zamani kwa upindo wa kanzu, miwani aliyoiacha tangu mwaka uliopita, na mdomo unajifunga.

Alhamisi ikafika. Wakaja wote sita mapema kuliko siku zote. Tabibu alivaa joho. Alikuja na bakuli la maji, kitambaa cheupe na sindano ndefu, akaiweka juani ipate moto. Nikamtazama mkono. Ulikuwa unatetemeka, wallahi, kama jani. Sindano ile aliiogopa kuliko Baba alivyoiogopa, lakini angerudije nyuma? Ameshasema amekisoma. Angemchoma mtu jicho kuliko kusema hajakisoma. Baba akakalishwa kwenye kiti, akafumba macho, akafumbua, akasema, "Bismillahi."

Sikumbuki nilivyovuka mlango. Nakumbuka kahawa imemwagika na mimi nimesimama katikati ya baraza la wanaume, ushungi umeanguka mabegani.

"Kitabu hicho hakipo!" nilisema. "Nimekitunga mimi! Jina nimelitunga, juzuu nimezitunga, na hakuna hata mmoja wenu aliyekisoma!"

Unadhani walishtuka? Tabibu alinicheka. "Binti," alisema, "vitabu si mapishi. Mimi nimekisoma."

"Kina rangi gani?"

"Chekundu."

"Kijani," alisema Mnajimu wakati huohuo.

Wakatazamana. Kisha Tabibu akasema kwa upole, "Chapa mbili tofauti," na Mnajimu akaitikia kwa kichwa: ndiyo, chapa mbili tofauti. Lo! Ningeleta msahafu niape, wangesema wamesoma na kiapo changu. Tabibu akainua sindano, akasema nitolewe, wanawake hawavumilii kuona dawa. Mmoja wa wale watatu akanishika kiwiko. Nikapiga kelele, "Baba!" na Baba yuko pale kwenye kiti, uso kauelekeza juu.

Ndipo Nahodha akasema.

"Mimi sijakisoma."

Wote wakageuka. Mzee wa watu jasho linamtiririka, anapapasa fimbo yake. "Sijakisoma," alisema tena, sasa kwa sauti ya kuita watu gatini. "Na kile cha wiki ya nyuma sikukisoma, na cha kabla yake. Miaka sita sijasoma kitu. Kwa kanuni ya marehemu, nipewe hicho kitabu niende nacho, na Alhamisi nitakuja niwaeleze. Mpaka hapo hakuna kuchoma mtu."

Kanuni ni kanuni. Baba akatoa sauti kwa mara ya kwanza tangu bismillahi yake: "Mpeni."

Nani ampe? Wakaingia chumbani, wanazuoni watano na vilemba vyao, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza naona wamevuka kizingiti kile. Walitafuta kwa muda mrefu. Walipiga chafya kwa vumbi. Mmoja alitoka na kitabu cha maradhi ya ndovu, akauliza kwa sauti ndogo kama ndicho. Waliporudi barazani sindano imepoa, na mkono wa Tabibu umetulia.

Lakini kushindwa hakushindwa, huyo. "Mnaona," alisema, "kitabu cha thamani namna ile kimepotea. Kimeachwa mikononi mwa kipofu na mwanamke aliyeachika."

Baba akasimama. Akafungua kamba ya funguo kiunoni, akazinyoosha mbele yake, hewani tu, kwa kuwa hakujua nani amesimama wapi. Tabibu akasogea akazipokea. Siku ya tatu tulihama.

Tulikwenda kwa shangazi yangu, shamba, upande wa Mbegani. Tabibu akawa mtunzaji. Nilisikia kwamba jambo la kwanza aliloliandika kwenye daftari ni kwamba *Kuondoa Ukungu katika Jicho*, juzuu mbili, kimepotea kwa uzembe wa aliyemtangulia. Watu wakawa wanakuja kukiulizia, hata kutoka Saadani, na wote waliambiwa kinatafutwa.

Kwa Baba nilitubu siku ileile ya kuhama, nikilia kama mtoto. Akanigusa kichwa, akasema amesikia, niache. Hatukulisema tena. Nahodha ndiye aliyekuwa akija, mara moja kwa wiki, na kitabu kakificha ndani ya kanzu. "Sijakisoma," husema mlangoni hata kabla ya salamu, kwa fahari, na mimi natoa kisu changu, nakata kurasa, nawasomea wote wawili mlango kwa mlango. Hapo ndipo Baba alipokiri kwamba miaka yote ile ya kutangaza vipya hakupata nafasi ya kusoma hata kimoja mpaka mwisho. Alifurahi na kile cha kivuli cha jua. Mimi kilinichosha, nasema kweli.

Kisha zikaja zile fujo za Wadachi, mji ukapigwa mizinga, na nyumba ya wakfu ikaungua. Vitabu vyote vikateketea, vya nyota, vya dawa, vya bahari, karibu vyote kurasa zake zimefungwa vilevile. Nahodha akatuletea habari jinsi wenye elimu walivyokaa matanga. Mnajimu alilia mbele za watu. Tabibu alisema vyote vinaweza kuagizwa tena, isipokuwa kimoja, kile cha macho, ambacho nakala yake haipo tena duniani.

Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikacheka naye, maana sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhame. Nahodha alipokwenda zake, Baba akabaki ameketi, mikono magotini.

"Nilijua hakipo," alisema.

"Kipi?"

"Kile chako. Ulipokwisha kunisomea karatasi nilikwenda kuipapasa rafu yote, kitabu kwa kitabu. Hapakuwa na kigeni."

"Ulijua? Na sindano je, Baba? Ulikaa kwenye kiti!"

"Walisema wamekisoma, mwanangu. Watu sita. Nikaona labda mkono wangu nao umeanza kupofuka."

Nikauchukua mkono ule, nikaushika.